Kutoka Wete hadi milima ya Udzungwa: tutaweza?

"Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, nina miaka 46. Sisi ni wanawake watano. Mdogo wetu ana miaka 31, mkubwa wetu 58. Tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo ili Agosti ijayo twende Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Majumbani wanatwambia watu wa Pemba mlima wataujulia wapi, tutakwenda kukwama njiani. Tutaweza? Tujizoeshe vipi huku kisiwani? Na huko kuna nini khasa cha kutufanya tuvuke bahari mara mbili?"

Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Mtaweza, na huyo mkubwa wenu wa miaka 58 ataweza pia, ilimradi mchague njia inayowafaa na muanze kujizoesha miezi miwili kabla. Nasema hivi nikiwa mtu wa kisiwani kama nyinyi. Nimezaliwa Makunduchi, nimefanya kazi ya misitu Unguja miaka ishirini na mitatu, sehemu kubwa Jozani, na Udzungwa nimekwenda mara saba, mbili kati ya hizo nikifuatana na kundi la kina mama.

Hilo la kwamba watu wa Pemba hawaujui mlima silikubali. Kwetu Makunduchi mtu hutembea juu ya mawe ya matumbawe kutwa nzima asipande hata kimo cha mnazi. Pemba ni vilima na mabonde tangu Mkoani mpaka Konde. Mchumaji karafuu anayeshuka bondeni alfajiri na kupanda jioni na gunia la karafuu mbichi kichwani, miguu yake imeshasoma somo ambalo kijana wa mjini anayecheza mpira uwanjani hajalisoma. Ni kweli kwamba hakuna pahala Unguja wala Pemba panapofika mita 150 juu ya bahari. Lakini goti halijui kimo cha bahari, linajua ukali wa mpando tu, na mipando mikali mnayo.

Watu wakisikia mlima hukhofia kukosa pumzi. Khofu hiyo inatoka Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ambako mtu mzima wa afya anaumwa kichwa na kutapika kwa sababu ya wepesi wa hewa. Maradhi hayo kwa kawaida huanza kujitokeza kuanzia mita 2,500 hivi. Kilele kirefu kabisa cha Udzungwa, Luhombero, kina mita 2,576, na nyinyi hamtakifika wala hamna haja nacho. Njia nitakayokutajieni iko chini sana ya hapo. Kitakachokutoeni jasho ni mwinuko, unyevu na mizizi, si hewa.

Sasa nakuja kwenye swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo nililolipenda zaidi na ndilo litakaloamua mfanye safari ya namna gani. Ushauri wangu ni huu: nendeni kufuata maji, msiende kufuata kilele. Anayekwenda Udzungwa kutafuta kilele hutazama miguu yake siku tatu na kurudi na picha moja ya ukungu. Anayefuata maji huanza kuona tangu hatua ya kwanza.

Hebu angalia maji hayo yanatoka wapi. Upepo wa Bahari ya Hindi, huu huu wa kaskazi na kusi unaotupitia sisi, ukiendelea bara unakutana na ukuta wa Udzungwa upande wa mashariki. Hauna pa kupenya, kwa hiyo unapanda. Hewa ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga maji iliyoyabeba kutoka baharini. Ndiyo maana miteremko ya upande wa Mang'ula, lilipo lango kuu la hifadhi, kuna sehemu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na imefunikwa na msitu mzito, na nyuma ya mlima huo huo, upande wa Ruaha Mbuyuni, nchi ni kavu na mibuyu imesimama kama watu wanaongoja gari. Mkipata nafasi ya kupita barabara ya Iringa siku moja mtaona pande mbili za ukuta mmoja, na hutaamini ni mlima ule ule.

Udzungwa ni sehemu ya safu inayoitwa Tao la Mashariki, inayoanzia milima ya Taita nchini Kenya na kushuka kwa Upare, Usambara na Uluguru. Bahari ya Hindi imeilisha safu hii unyevu muda mrefu mno, hata zile zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikakatika. Wanasayansi wanakisia kuwa msitu umekuwepo kwenye milima hii kwa miaka milioni 30 hivi. Viumbe walionasa humo, kila mlima na wake, wakabaki peke yao kama watu wa visiwa mbalimbali, wakabadilika kila kundi kwa namna yake. Sisi tuliozaliwa visiwani tunalielewa hilo haraka kuliko mtu yeyote: Udzungwa ni kisiwa, bahari yake ni nchi kavu.

Kisha maji yanateremka. Mito midogo ya upande wa mashariki inaingia bonde la Kilombero. Mto Kilombero unaungana na Luwegu na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Rufiji inamwaga maji yake baharini mkabala na Mafia, kwenye mikoko mingi kuliko pahala pengine popote pwani ya Tanzania. Siku mtakayolala Unguja mkisubiri boti, ingieni nyumba yoyote ya kale ya Mji Mkongwe mtazame dari. Boriti zile ni mikoko, na nyingi zilikuja na majahazi kutoka Rufiji. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Tope lililootesha boriti hizo lililetwa na mto, na mto ulijazwa na mvua ya milima mnayoiendea. Mtu wa Zanzibar anayekwenda Udzungwa anakwenda kuona upande wa pili wa kitu alichokulia chini yake. Hiyo, Mwalimu, kwangu inatosha kuvuka bahari mara mbili.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1992. Ina kilomita za mraba 1,990. Weka Pemba mbili ubavu kwa ubavu utapata takriban ukubwa huo. Haitembelewi kwa gari kama Mikumi au Serengeti. Unaingia kwa miguu, na mwongozaji, na kwa njia ndefu unakwenda na askari mwenye bunduki kwa sababu ndani kuna tembo, nyati na chui. Jina limetokana na Wadzungwa, watu wa milima hiyo.

Njia ninayokuchagulieni ni ya Sanje. Ni mzunguko wa kilomita 5 hivi, na watu hupewa saa nne. Nyinyi chukueni sita. Unaanzia kituo cha Sanje, mwendo mfupi wa gari kutoka lango kuu la Mang'ula. Mwanzo kuna joto na miti mirefu, na mizizi yake imetoka ubavuni mwa shina kama mbao zilizosimamishwa, mtu anaweza kujificha baina yake. Mvule mtaujua, ni ule ule wa msitu wa Ngezi kwenu Pemba. Baadaye njia inainuka na mazungumzo yanakatika yenyewe. Maji mtayasikia kabla ya kuyaona, mwanzo kama upepo kwenye minazi, kisha kama mvua ya masika juu ya paa la bati, ila mbingu iko wazi. Ukitokeza, maporomoko yamesimama mbele yako, mita 170 kwa jumla, yakishuka kwa ngazi tatu. Pale chini majani madogo ya jimbi yanatikisika saa zote ingawa hapana upepo. Maji yanayoanguka yanasukuma hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoyatikisa. Nilikaa robo saa nzima nikitazama jani moja tu.

Juu ya ngazi ya mwisho unageuka na kuliona bonde la Kilombero lote chini yako, mashamba ya miwa yamelala kijani kibichi mpaka macho yanaposhindwa. Mama mmoja wa Kizimkazi niliyekuwa naye alisimama pale akasema, "Kumbe hivi ndivyo ndege anavyotuona." Hakusema tena neno mpaka tuliposhuka.

Vidimbwi vya kuogea vipo na maji ni baridi mno. Ogeni mnapoelekezwa na mwongozaji, na mtu asisogelee ukingo wa maji yanapoanguka, hata kwa picha. Mawe yale yana utelezi wa kijani kama ngazi za diko wakati wa maji kupwa. Kila mtu wa pwani anaujua utelezi ule na anajua unavyomwangusha mtu bila ya kumpa muda wa kushika kitu. Tofauti ni kwamba dikoni unaangukia matopeni.

Mkifika siku ya kwanza bado na nguvu, iko njia fupi sana ya karibu na lango, kilomita moja hivi, iliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi. Inafaa kwa kunyoosha miguu jioni. Ya Mwanihana ni habari nyingine: kilomita 38, siku tatu na kulala msituni mara mbili, mpaka kilele cha zaidi ya mita 2,000. Nimeipita mara moja. Ni njia nzuri kupita zote nilizowahi kutembea, lakini mwaka huu si yenu. Nitasimulia kitu kimoja tu cha kule, nacho kinatosha. Siku ya pili tulifika pahala miti imekuwa mifupi na imevaa kuvumwani, yale majani laini ya kijani kama sufi, kuanzia shinani mpaka matawini. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku tano. Mwongozaji aliniambia nishike kitita kimoja nikikamue. Nilikikamua kama tunavyokamua tui, na maji yakatoka yakajaza kiganja changu. Msitu ulikuwa umeyachuja kutoka kwenye ukungu, tone kwa tone, bila ya mvua. Nikakirudisha pahala pake. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasema msitu wa mlimani ukatwe upandwe mahindi kwani mvua itakuja tu, nakikumbuka kiganja kile.

Upande wa wanyama, msiende na matarajio ya mbuga za majani. Tembo mnaweza msimwone, mkaona choo chake tu na matawi aliyoyavunja. Watakaokupeni furaha ni kima. Yupo mbega mwekundu wa Iringa, ndugu yake kima punju wa Jozani. Pale Ngezi kwenu nako wapo kima punju wachache, waliopelekwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Wa kwetu ana nywele nyeupe zilizosimama usoni. Wa Udzungwa amevaa kama kofia nyekundu kichwani. Wote wawili hawana kidole gumba cha mkono, na wanaruka tawi hadi tawi kwa vidole vinne, vilivyopinda kama ndoana. Mtazameni akila majani machanga, mnyama yule ana subira kubwa. Nimefanya kazi na kima punju nusu ya umri wangu, na mara ya kwanza kumwona yule wa Udzungwa nilihisi nimekutana na jamaa ambaye picha yake tu ndiyo iliyokuwa ukutani kwetu.

Yupo pia ngolaga, kima mwingine, ambaye vitabuni anaitwa kwa jina la kijiji cha Sanje. Mwaka 1979 watafiti walisikia msituni sauti wasiyoitambua. Wenyeji walikuwa wakimjua mnyama yule siku zote, na jina walikuwa nalo. Mtoto wake mmoja alikuwa akifugwa pale pale kijijini. Kwa dunia ya sayansi akawa mnyama mpya. Mwaka 1991 likatokea la pili: watafiti kutoka Denmark wakiwa kambini milimani waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya chungu cha mchuzi. Alikuwa kwale ambaye hakuwahi kuandikwa popote, na jamaa zake wa karibu wako Asia, si Afrika. Mwaka 2008 akatangazwa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, huyu akiwa mkubwa na mwenye uso wa kijivu, mzito wa gramu 700 hivi, aliyenaswa kwanza kwa kamera zilizotegwa msituni. Wanafunzi wako waambie hayo, Mwalimu. Watoto wanadhani kila kitu kimeshajulikana na kazi iliyobaki ni kukariri.

Kuna kisa kimoja kinachoniumiza, nacho nakisimulia kila ninapoweza. Kusini ya safu hiyo hiyo, nje ya hifadhi, mto Kihansi unaanguka kwenye korongo. Mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira kwa ajili ya bwawa la umeme, alipatikana chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mfupi kuliko kidole gumba, asiyetaga mayai bali anayezaa watoto walio hai. Dunia nzima alikuwa akiishi hapo tu, kwenye majani yanayoloweshwa na mvuke wa maporomoko yale, eneo lisilozidi mashamba machache. Mwaka 2000 maji mengi yakageuzwa kwenda kwenye mitambo. Umeme ule nchi iliuhitaji na bado inauhitaji, sisemi vingine. Lakini mvuke ulikatika. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, chura wakapona kwa muda, kisha maradhi ya kuvu yakawaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Alikuwa amebaki Marekani tu, kwenye bustani za wanyama, kizazi cha wale waliochukuliwa mapema. Kuanzia 2012 watoto wao wamekuwa wakirudishwa Kihansi. Chura amevuka bahari, akazaa ugenini, akarudi kwao kwa ndege. Nilipokuwa nikitazama jani lile la Sanje likitikisika, chura huyu ndiye aliyekuwa akilini mwangu.

Sasa mazoezi. Mnayo wiki nane, na uwanja wenu uko mlangoni: barabara ya Wete inayoteremka mpaka bandarini. Anzeni kushuka na kupanda mara tatu, siku nne kwa wiki, asubuhi kabla ya jua. Wiki ya tatu fanyeni mara tano. Wiki ya tano kila mtu abebe mkoba wa mgongoni wenye chupa mbili za maji za lita moja moja. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukiweza kumaliza sentensi nzima unapopanda, mwendo ni sawa. Ukishindwa kumalizia salamu, punguza. Yule wa miaka 31 asiongoze. Mkubwa wenu ndiye akae mbele, na wengine wote wafuate mwendo wake tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Na kabla ya yote aende akapimwe presha na sukari.

Jumamosi mbili tatu nendeni Ngezi. Si kwa ajili ya miguu, kwa sababu njia za Ngezi hazina mpando wa maana, bali kwa ajili ya macho na masikio. Tembeeni saa nzima bila ya kuzungumza. Tazameni mpapindi, ule mnazi mwembamba ambao asili yake ni Pemba tu. Mtu asiyejua kusikiliza Ngezi hatasikia kitu Udzungwa isipokuwa pumzi yake mwenyewe.

Zingatieni kushuka zaidi ya kupanda. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda Sanje vizuri, nikajiona nimemaliza, nikateremka mbio mbio nyuma ya vijana. Karibu na mwisho goti la kulia likagoma, nikalazimika kushuka kwa makalio, mzizi kwa mzizi, na wiki tatu baadaye bado nilikuwa nikichechemea. Kupanda kunachosha moyo na mapafu, navyo vinapumzika ukisimama. Kushuka kunagonga goti, na goti halisahau. Kila mmoja awe na fimbo imara ya kimo cha kiwiko, na kateni kucha za miguu siku mbili kabla, kwa sababu kwenye mteremko kidole kinagonga ncha ya kiatu kila hatua.

Viatu viwe vya kufunga kamba, vyenye meno chini, na mvivae kwenye mazoezi mpaka vizoee mguu. Kiatu kipya siku ya safari ni malengelenge. Ndara mbebe za jioni tu. Baibui liacheni mlikofikia, kwa sababu linanasa kwenye mizizi na likilowa linakuwa zito kama tanga. Kina mama niliokwenda nao walivaa suruali pana, juu yake kanzu inayofika chini ya goti, na mtandio uliofungwa nyuma. Walistirika na hakuna aliyejikwaa. Soksi ndefu, suruali iingie ndani ya soksi, maana siafu wapo na upupu upo. Chakula cha njiani chukueni kile mnachokijua: tende, kashata, mayai ya kuchemsha, ndizi. Maji lita mbili kwa kila mtu. Kokwa na maganda mnarudi nayo.

Agosti mmechagua vizuri. Mvua kubwa za kule huanza kupungua mwezi wa Mei na kurejea Novemba, kwa hiyo njia zitakuwa zimekauka kiasi na mito haijafurika. Ila Agosti ni kusi, na bahari baina ya Pemba na Nungwi mnaijua. Msipange kutoka Wete na kufika Mang'ula kwa siku moja. Laleni Unguja, halafu Dar es Salaam. Kutoka hapo mnaweza kupanda treni ya umeme mpaka Morogoro, ambayo inachukua abiria tangu 2024, kisha basi. Au basi moja kwa moja la Ifakara, linalopita mbele ya lango la hifadhi. Mkaeni upande wa dirisha, kwa sababu barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi na mtaona twiga na nyati mkiwa mmekaa kwenye viti vyenu. Mikumi mnaiacha barabara kuu na kushika ya kusini, ya Kidatu.

Chukueni vitambulisho vyenu vyote, kwa sababu kiingilio cha raia ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje, na bila ya kitambulisho mtabishana langoni. Pigeni simu mapema kuuliza namna ya kulipa. Fedha za hifadhi hupitia mfumo wa serikali, hazipokelewi mkononi.

Waongozaji wengi wa pale ni vijana wa vijiji vya chini ya mlima. Waulizeni maisha yao, si majina ya ndege tu. Tangu 2011 watu wa vijiji hivyo hawaruhusiwi kuingia hifadhini kuokota kuni, na kabla ya hapo kina mama waliingia. Mimi nimeyaona ya Jozani, mkulima anayetazama kima wakimaliza shamba lake, na najua kwamba msitu unaopendwa na wageni unaweza kuwa mzigo kwa jirani yake. Kwa hiyo kula kwenu, kulala kwenu na zawadi mtakazonunua, zifanyeni Mang'ula na Sanje. Mchele wa Kilombero mtaukuta hapo hapo, na mkirudi na kilo tano kila mmoja nyumbani hawatakuulizeni tena mlikwenda kufanya nini.

La sala: Pemba tunaelekea kaskazini moja kwa moja. Mang'ula nako ni kaskazini, ila mgeuke kidogo sana kulia, upande wa mashariki, kwa sababu mtakuwa mmekwenda magharibi. Msitegemee dira ya simu peke yake, chukueni dira ya mkononi. Adhuhuri mtakuwa juu kwenye maji, na maji ya kutilia udhu hayatakosekana.

Nimeliweka hili mwisho kwa kuwa nataka mlisome mara mbili. Kwetu Zanzibar malaria imeshuka sana, kiasi kwamba wengi wetu tumepita miaka bila ya kuugua, na mwili usioguswa na malaria muda mrefu husahau kupambana nayo. Bonde la Kilombero ni katika maeneo yanayojulikana kwa malaria nchini. Wiki mbili au tatu kabla ya safari nendeni hospitali mkamuulize daktari dawa ya kinga inayomfaa kila mmoja wenu, khasa mwenye presha na yeyote anayenyonyesha au mwenye mimba. Chukueni vyandarua vyenu, msitegemee vya nyumba ya wageni. Kuanzia magharibi mikono na miguu iwe imefunikwa. Na mkisharudi Wete, kwa muda wa miezi mitatu yeyote atakayepata homa, hata ndogo, asimeze panadoli na kulala. Aende akapimwe siku hiyo hiyo, na kabla hajatolewa damu amwambie daktari: nimetoka Kilombero.